Sinema kwa Upande wa Nyuma

Jumatatu, 2 Julai 1973
Aibu! Mimi, mpiga kengele wa kijiji cha ujamaa, nimeamka jua liko usoni. Watu wamejiamkia wenyewe wakaenda kufyatua tofali za zahanati. Kosa si langu. Ni la Bwana Abbasi na gari lake la sinema, lililoletwa kutuburudisha kila jioni mpaka Saba Saba. Ile nuru ya kwenye shuka la kuonyeshea picha huniingia machoni na haitoki. Nikijilaza, naona picha hadi darini. Mwenyekiti wetu, Mzee Shaban, kasema nikichelewa tena kengele anapewa Luhende. Luhende! Anagonga ile rimu ya lori, ndiyo kengele yetu, kama anafukuza kuku.

Jumanne, 3 Julai
Mke wangu Mwanne anashauri nisiende sinema. Ushauri wa mtu asiyefikiri! Nimekwenda mjini, dukani kwa Popatlal, nikanunua peremende zenye karatasi nyekundu inayopitisha mwanga. Nimejitengenezea miwani. Nuru kali itaingia machoni ikiwa imepoa. Peremende nimezila zote kabla sijafika kijijini kwetu Kwihara. Kazi ya utafiti ina gharama zake.

Jumatano, 4 Julai
Miwani ni mizuri sana, ila haionyeshi kitu. Nilimkalia jirani yetu Mama Benedikta mapajani nikidhani ni gunia la karanga. Kanizaba kofi, miwani ikachanika, na shavu likaninyima usingizi. Kengele nimeiwahi kwa sababu Mwanne alinisukuma nitoke kitandani kwa miguu yote miwili. Leo nina mpango bora zaidi. Nitakaa nyuma ya shuka! Huko nuru ni hafifu.

Alhamisi, 5 Julai
Ushindi! Nimelala fofofo, na kengele nimeipiga kuku wakiwa bado juu ya miti. Lakini nimegundua jambo zito. Katika ile sinema ya kilimo bora, wakulima wetu wanakula ugali kwa mkono wa kushoto. Wote! Hata mgeni wanampa mkono wa kushoto. Nikamwamkia Mzee Shaban shikamoo, kisha nikamwaga mashtaka. Bwana Abbasi kaapa hakuna kitu kama hicho. Luhende, ambaye hukaa mbele, kasema ni mkono wa kulia. Nikamwambia yeye huenda kutazama wasichana, si mikono. Mzee Shaban kaamua sinema irudiwe jioni, kila mtu ashuhudie kwa macho yake.

Ijumaa, 6 Julai
Mashahidi wangu niliwaweka nyuma ya shuka. Luhende akabaki na wake mbele. Wa nyuma wakaapa kushoto, wa mbele wakaapa kulia, nusura wapigane. Ugali ukaliwa tena, na tena, na tena. Mimi nikasinzia palepale chini. Alfajiri nimepiga kengele na hakutokea hata mtu mmoja! Mwenyekiti mwenyewe kachelewa, ana alama za mkeka shavuni, na kunisema hawezi. Luhende hakuonekana mpaka adhuhuri. Raha iliyoje! Mama Benedikta anadai alilizunguka shuka: mbele ni kulia, nyuma ni kushoto. Nimemweleza polepole kwamba huo ni ujanja wa Abbasi. Akiona mtu anakwenda mbele, anawabadilisha wale wakulima mikono.

Jumamosi, 7 Julai. Saba Saba!
Nimepiga kengele mbele ya wageni kutoka wilayani, nao wakapiga makofi. Mzee Shaban kanisifu hadharani kwamba mimi ndiye mtu pekee kijijini anayejua kulala mapema. Kwa sababu hiyo redio mpya ya kijiji itatunzwa nyumbani kwangu. Luhende kanuna. Bwana Abbasi kaondoka kwenda Igunga na walaji wake wa kushoto. Watu wa Igunga nawahurumia.

Jumatatu, 9 Julai
Nimeamshwa na kengele. Ilikuwa inalia vizuri, ila aliyekuwa anaipiga ni Luhende. Keshakabidhiwa moja kwa moja. Haidhuru! Yeye ana rimu, mimi nina redio, na hawajakumbuka kunidai. Tena kosa nimeshalijua: jana redio ilikuwa inanitazama usoni mpaka taarabu ikaisha. Mwanne anashauri niizime. Wapi! Leo naigeuza itazame ukuta, niisikilize kwa upande wa nyuma.