Mkutano wa Mambo ya Mwili Uliokosa Mwenyekiti

Mheshimiwa Mkuu wa Kaunti, uliyemtuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi, uliyepata dharura ukamtuma dereva. Ndugu Dereva, karibu sana, sogea kiti cha mbele na hiyo ngao uliyotuletea. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Hekalu mliotuazima ukumbi huu, viti vya plastiki na mashine ya karaoke. Wakuu wa mitaa yote ya mji wetu wa Baitan, mliopo, mliotoka kuvuta sigara, na mtakaoingia chakula kikishaiva. Mabibi na mabwana. Na wewe mke wangu mpenzi, Yu-lan, uliyeketi nyuma kabisa ilhali nilikuwekea kiti chenye jina: nawasalimu nyote kwa niaba ya Idara ya Ustawi, Uratibu na Maendeleo Shirikishi, ambayo Naibu Mkurugenzi wake, kama mnavyofahamu, ni mimi, Hsiung Kuo-pin. (Makofi. Dereva anasimama, anainama, anakaa.)

Tumekutana kuadhimisha mafanikio makubwa ya Mradi wa Mkutano Huria wa Washiriki kuhusu Ujinsia, Mahaba na Masuala Mtambuka ya Mwili. Kwa wale ambao hawakubahatika, nieleze kwamba huu ni mkutano usio na mwenyekiti, usio na ratiba wala mgeni rasmi. Kila anayekuja huandika jambo analotaka kulizungumzia, hulibandika ukutani, wenye hamu nalo hukaa pamoja, na asiyenufaika husimama akahamia kundi jingine bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Utaratibu ambao, nakiri, ulinipandisha presha kiutawala. (Kicheko.) Hata hivyo, tathmini ya awali inaonyesha kwamba asilimia mia moja ya waliohudhuria walikuwepo, na kwamba kiwango cha kuona haya kilishuka kutoka juu sana hadi wastani, huku mwelekeo ukiwa wa kuridhisha. (Makofi.)

Sasa niwasimulie ilivyokuwa, maana kuna maneno yanazagaa sokoni.

Wananchi waliomba ukumbi wa mji kwa ajili ya mkutano huo, na maombi yao yalishughulikiwa kwa kasi ya hali ya juu, na mpaka leo yanaendelea kushughulikiwa kwa kasi hiyohiyo. (Sauti: "Tumeona!") Jumamosi ilipofika, watu wakakuta mlango umefungwa na mvua inanyesha, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, nami nikiwa jijini Kaohsiung kufuatilia suala zito la kitaifa, yaani bango la Idara. Ndipo Dada Ou Mei-hsiu, mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, akapandisha shata la mlango wake akawaambia, "Ingieni, mtaloa. Ila msiguse rangi zangu za nywele." Wakaingia. Karatasi zikabandikwa kwenye vioo, na zisizoshika zikabanwa kwa vibanio vya nywele.

Nilipopata taarifa kwamba wananchi wanazungumzia ujinsia bila kufunguliwa rasmi, nilirudi mbio ili niwafungue rasmi. Nikapanda juu ya kigoda cha kuoshea miguu, nikaanza kusoma hotuba. Nilipofika ukurasa wa pili, nilishuhudia kwa macho yangu ushiriki wa wananchi ukihamia kwenye masinki ya kuoshea nywele. (Kicheko kirefu.) Akabaki Mzee Fan peke yake, chini ya kikaushio cha nywele, naye akaniambia kwa upole, "Mheshimiwa, usichukulie vibaya. Hapa kila mtu anakwenda anakofaidika. Mimi nimebaki kwa sababu goti linaniuma."

Nikashuka, kwa hiari yangu.

Kwenye masinki kulikuwa na karatasi ya Bibi Tsai, ambaye nyote mnanunua kwake maandazi ya mvuke. Ameandika: "Je, mwili unastaafu?" Watu wamemzunguka, naye anasema, "Mume wangu amefariki siku nyingi. Watoto ni wazuri, wananipigia simu kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Lakini hakuna anayeuliza kama kuna mtu amenishika mkono. Nikisema hivyo nyumbani, mkwe wangu atadhani nimeanza kuchanganyikiwa."

Ndugu wananchi, nina miongozo minne juu ya wazee, na hakuna hata mmoja uliokuwa na neno la kumjibu. Aliyejibu ni Mzee Fan, ambaye goti lake lilikuwa limepona ghafla akatufuata. Alisema, "Mimi serikali ilinistaafisha kazini. Huku kwingine sijaona barua." (Vifijo.) Saluni nzima ikacheka, Bibi Tsai akajifuta macho, akamwambia, "Acha utani, wewe. Sogea hapa uketi." Akasogea. Kwa mujibu wa takwimu, hajaondoka hadi leo. (Makofi. Mzee Fan anapunga mkono mmoja. Wa pili una shughuli.)

Nikaendelea na ukaguzi. Kwenye kioo cha karibu na mlango niliona karatasi imeandikwa hivi: "Mume akihamia chumba kingine kwa sababu anakoroma, nani agonge mlango wa mwenzake?" Mwandiko niliutambua mara moja, kwa kuwa ndio unaoniandikia "nunua siki" kwenye friji. (Kicheko. Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Kuo-pin, hilo pia?")

Hilo pia, Yu-lan, kwa maslahi ya uwazi.

Alikuwa amekaa pale na wanawake watano na mwanamume mmoja mwenye povu kichwani. Nikasema kwamba suala husika linahitaji kuangaliwa kwa mapana yake na kwa kushirikisha wadau wote. Mke wangu akanitazama. "Wadau ni wawili," akasema. "Hapa si ofisini. Sema kama mtu." Dada Ou akavua glavu moja, akanipa kikombe: "Shemeji, koo limekauka. Kunywa chai kwanza."

Nikanywa. Nikasema, "Nilihama ili upate usingizi. Kisha ukanyamaza, nikadhani umefurahi."

Akasema, "Nilinyamaza nikisubiri urudi. Ulitaka nikuite kitandani kama mtu anayeita teksi? Nilikuwa nakusikia unakohoa upande wa pili wa ukuta, nikajua hujalala."

"Nilikuwa nakohoa ili ujue."



Yule mwenye povu akasema, "Jamani, miaka mingapi hii?" Mimi nilitazama sakafu ya saluni, ilivyojaa nywele za watu, na nilingoja kusikia viti vikisogezwa, maana ndivyo huwa wakati nazungumza. Hakuna aliyehama. Yu-lan akaniondolea kikombe mkononi, akakishika yeye. Kuhusu utekelezaji, itoshe kusema kwamba nyumbani kwetu kuna godoro moja halina kazi tena, na anayelihitaji aje alichukue. (Shangwe. Sauti kutoka nyuma: "Nyamaza, wewe!")

Mabibi na mabwana, kwa kuzingatia mafanikio haya, Idara inaahidi kujenga Kituo cha Kanda cha Mahaba Shirikishi, cha ghorofa saba, chenye lifti na maegesho ya pikipiki, kuandaa semina elekezi, semina endelevu na semina ya kutathmini semina, na kuhakikisha ifikapo mwisho wa awamu kila kaya ina uelewa wa pamoja wa — (Muziki wa gari la taka, unaowaita watu watoe taka zao, unasikika barabarani. Nusu ya ukumbi inatoka mbio na mifuko ya taka. Msemaji anasubiri. Wanarudi.) — wa pamoja. Naam.

Sasa naomba mniitikie. Mwili!

(Haustaafu!)

Aibu!

(Ipungue!)

Hotuba!

(Inatosha!)

Ahsanteni, nimesikia. Kwa kumalizia, Ndugu Dereva ananiuliza hiyo Ngao ya Mradi Bora amkabidhi nani katika Mradi. Ni swali zuri la kiitifaki. Nawashukuru wataalamu wa Mradi, ambao hatukuwaajiri. Nawashukuru wafadhili, ambao tunaendelea kuwatafuta. Naishukuru bodi, ambayo haina wajumbe. Na iingie kwenye kumbukumbu kwamba Mradi wenyewe hauna ofisi, haujawahi kuidhinishwa na mtu yeyote, na jina lake nililitunga leo asubuhi nikiwa nanyoa ndevu. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Dereva anatazama huku na huku, kisha anapita kati ya viti na kumkabidhi Dada Ou ngao. Naibu Mkurugenzi anapiga makofi kuliko wote, halafu anauliza kama na yeye anaweza kuingia kwenye picha.)