Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Nchi ya Makaa

Jumatatu, 2 Juni 2025

"Gemu hili halimfai mtu asiyeweza kukaa dakika kumi bila kubishana." Hayo kayaandika Luhaga kwenye gazeti letu la wiki, ukurasa wa mwisho. Uongo mtupu. Jumapili iliyopita nilisikiliza mahubiri yote ya Mchungaji Nathaniel, saa nzima na robo, na nilimkatiza mara mbili tu.

Na anamsema nani? Mwanza nzima nani anajulikana kwa ubishi? Hakutaja jina kwa sababu ni mwoga.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wangu miaka kumi na mmoja. Nimepigana humo na madiwani, makandarasi na kwaya tatu. Sasa nipo ukurasa wa sita, chini ya tangazo la magodoro, na Luhaga anawaambia watu wazima gemu gani linawafaa na lipi haliwafai. Wiki hii ni Nchi ya Makaa. Unaingia katika ufalme wa mazimwi na wachawi, unauona kwa macho ya shujaa mwenyewe. Mwili wako huuoni, mikono tu.

Hellen, mke wangu, kaikata safu hiyo kwa mkasi na kuiweka ndani ya Biblia. Zangu hufungia dagaa.

Nilikwenda kwa Winnie, mhariri. Nikamwambia naandika jibu: Halitufai. Aliuliza kama nimelicheza. Nikasema nimesoma habari zake. Akasema haitoshi. Nicheze, nimpelekee safu Ijumaa mchana, naye ataziweka zote mbili, yangu na mpya ya Luhaga, ukurasa wa mwisho, wasomaji wapige kura kwa simu. Mshindi anabaki na ukurasa. Moja kwa moja.

Vizuri. Nimekwisha kushinda.

Jumanne, 3 Juni

Buswelu, kibanda cha gemu cha Achola. Mama mmoja kutoka Rorya, hacheki ovyo, ana runinga nne na wateja wanaomtii kuliko mwalimu mkuu. Alinipa padi, kile kidude cha vitufe cha kushika kwa mikono miwili. Gemu linataka kwanza useme wewe ni nani: askari, mchawi au mwizi. Niliuliza kama hakuna mwandishi wa magazeti. Achola akasema, "Chukua mwizi, mzee. Ndiye wa karibu."

Nimekuwa askari.

Dakika ya sita, kichefuchefu. Ukigeuza shingo dunia yote inageuka, kama pantoni ya Kamanga siku ya upepo, na pantoni ya Kamanga sijawahi kushuka nikiwa na chakula tumboni. Achola alileta beseni kabla sijaomba. Nikamwambia ni chapati za asubuhi. Akasema Luhaga hakutapika. Sikumuuliza.

Jumatano, 4 Juni

Nimefika kijiji cha kwanza. Lazima uongee na mzee wa kijiji ndipo mambo yaendelee. Mlango wake wazi, yeye ndani anaota moto. Nikasimama nje. Nikatafuta kitufe cha kupiga hodi. Hakuna. Cha shikamoo, hakuna. Nikasubiri anikaribishe. Mvua inanyesha, mzee ananitazama, kimya. Dakika arobaini. Nimetukanwa na watu wengi, lakini si kwa namna hiyo.

Nilikuwa katikati ya aya kali kuhusu ufalme usio na adabu, mara akaingia Luhaga. Akaniamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika barabarani. Nimemzidi miaka mitatu tu. Aliuliza nangoja nini. Nikasema nangoja kukaribishwa. Kibanda kikacheka chote, isipokuwa Achola, aliyesema hata yeye angengoja. Luhaga akaeleza kwamba humu unaingia tu, unafungua masanduku ya watu, unachukua. Nikamwambia basi wewe ni mwizi. Akajibu, "Ndiyo, mzee. Nimefika ngazi ya kumi na nne."

Wakampigia makofi. Kwa wizi.

Sikuingia. Niligeuka nikapanda mlima.

Alhamisi, 5 Juni

Nyuma ya mlima kuna ng'ombe. Kumi na mmoja, hawana mchungaji, wametawanyika mpaka mtoni. Nani anaacha ng'ombe hivi? Mimi nimekulia Magu, kwenye ng'ombe, sikuweza kupita. Ukiwasogelea taratibu kwa nyuma wanatembea. Nimewaswaga mmoja mmoja hadi kwenye zizi bovu, nikaziba pengo kwa ngao yangu.

Kichefuchefu kimekwisha. Ukimfuata ng'ombe unatazama mgongo mmoja tu, na hakuna haraka. Bondeni zimwi lilikuwa linaunguza kijiji cha yule mzee. Sikwenda. Hakunikaribisha.

Hellen alikuja kuniita chakula cha mchana, akabaki. Akakaa kwenye benchi, bega lake kwa bega langu. Akasema yule wa kahawia anafanana na ng'ombe wa baba yake, aitwe Madoa. Akashika padi, akamleta Madoa zizini yeye mwenyewe, akicheka. Saa tatu nzima tulikaa. Sikubishana na mtu yeyote. Nimeligundua hilo njiani kurudi, nikashtuka.

Kwa hiyo Luhaga ni mwongo, imethibitika. Shida ni moja. Nikiandika kwamba gemu linanifaa, nimemsaidia kulisifia.

Ijumaa, 6 Juni

Achola aliniachia gemu likiwaka usiku kucha, na asubuhi zimwi likaanza kuzunguka juu ya zizi. Hellen, niliyekuja naye tena, akamwita Luhaga kutoka runinga ya pili. "Mwalimu, hebu tuambie, tuwaokoeje?" Mwalimu! Mimi, miaka ishirini na miwili ya ndoa, ni "wewe".

Luhaga akasema kuna kisima karibu. Ukinywa maji pale gemu linasevu, yaani linahifadhi ulipofika, na hata ukifa ng'ombe wanabaki. Akanyoosha kidole kunionyesha. Nikamwambia ashushe kidole, sihitaji mwizi wa kunifundisha kunywa maji. Sikwenda kisimani. Nililivamia zimwi kwa fimbo, bila ngao, maana ilikuwa zizini.

Sekunde nne, labda tano. Nikafufukia mlangoni kwa yule mzee, pale nilipokuwa Jumatano, mvua ileile. Nikapanda mlima mbio. Hakuna zizi lililozibwa, ng'ombe wametawanyika upya kama hawajawahi kuniona. Hellen akauliza Madoa ni yupi sasa. Nikasema gemu lina kasoro. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Luhaga alinifuata nje. Akasema, kwa upole wa kuudhi, niandike habari za ng'ombe kama zilivyokuwa. Itaishinda safu yake, na yeye hatanung'unika.

Mtego. Hakuna mtu anayeachia ukurasa wa mwisho hivihivi. Nimeandika Halitufai, maneno mia nane, "upuuzi" mara kumi na tano. Saa saba ilikuwa mezani kwa Winnie. Alinitumia ujumbe akiuliza ng'ombe wako wapi, mke wangu amemsimulia. Nikazima simu.

Jumapili, 8 Juni

Gazeti lilitoka jana. Luhaga kaandika habari za mzee mmoja wa Buswelu, bila jina, aliyeacha kuwania taji na kuua zimwi akaenda kuchunga ng'ombe wasio wake. Kakiri kwamba alikosea: gemu linamfaa hata mbishi, mradi akute humo kitu anachokipenda kuliko ubishi.

Kura mia mbili na sita zake. Zangu tisa. Winnie anasema moja kati ya hizo tisa imetoka kwenye simu ya Luhaga. Dharau.

Kanisani watu watatu waliniuliza kama mzee huyo ni mimi. Nimekana mara tatu, na kwaya haijamaliza wimbo wa kwanza.

Hellen kaikata. Imo kwenye Biblia, juu ya ile nyingine. Nikamwambia hiyo ni habari yangu. Akasema, "Basi ungeiandika."

Luhaga kaniibia. Alikiri mwenyewe kuwa ni mwizi, mashahidi wapo.

Naandika haya kibandani kwa Achola. Tangu saa nane nimesimama mlangoni kwa yule mzee. Ananitazama. Safari hii atasema karibu, yeye kwanza.

Ninyi wasomaji wanane mlionipigia kura kwa moyo, nawaandikia humu, kesho nitanakili kwenye safu yangu. Nendeni ofisini kwa Winnie, mdai ukurasa wa mwisho urudishwe, msitoke mpaka ajibu. Na mmoja wenu anayekijua kile kisima aje Buswelu anionyeshe kilipo. Aje peke yake. Luhaga asijue.