Majalada ya Durham Yaingia Bwera

Umma unatangaziwa kwa fahari kubwa kwamba Bwera, mji ambao hadi mwaka jana ulijulikana kwa kahawa, vumbi na malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kongo, sasa ni makao ya kumbukumbu za mamlaka za kimikoa za Uingereza, kuanzia mwaka 1290 hadi 1690. Mimi ni Katibu wa Idara ya Kumbukumbu. Natangaza haya nikiwa na akili timamu.

Kumbukumbu zilikuja kwa kontena, zawadi ya chuo kikuu kimoja cha huko kilichokuwa kinatafuta nafasi ya kuegesha baiskeli. Kasese zilipokelewa kwa bendi ya shule. Ni nakala za mahakama za mabwana wa mpaka wa Wales, za Lancaster, na hasa za Durham, ambako askofu alikuwa na mahakama yake, jela yake na sarafu yake, na mfalme akitaka kitu alibisha hodi. Bwana Karuhanga, Mkuu wa Idara yetu, aliposimuliwa habari za askofu huyo aliinuka akakitazama kiti chake. Kisha akaagiza kiti kipya.

Tulikuwa na changamoto ndogo ya nafasi. Makabati yalijaa majalada ya wenyeji: mashamba, mipaka, barua za ajira, takataka za namna hiyo. Mengi hayakuwa na hata miaka sitini. Kikao kiliketi dakika kumi na moja, kikaazimia kwamba jalada lisilofikisha karne moja bado ni uvumi, nasi tukayaondoa yote. Mama Martine, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeuza makayabo, yaani samaki wa chumvi, mbele ya lango letu, aliyapokea kwa shukrani. Alisema karatasi ya serikali haivuji.

Kontena lenyewe halikuenea uani, ikabidi liingie kwa jirani. Jirani ni Mama Provia, mjane wa mchimba madini aliyetumia ujana wake chini ya ardhi kule Bulembia na akafa akiwa amenunua kipande kimoja cha shamba juu yake. Kwetu mpaka wa shamba ni mstari wa mimea, na siku unapopandwa majirani wote huitwa kushuhudia, wakala kuku. Sisi tuliing'oa mimea hiyo na kuipanda upya hatua thelathini ndani ya kahawa yake. Hatukumwita mtu wala hatukuchinja kuku, ila tuliimwagilia maji, kwa kuwa Idara inajali mazingira.

“Afande,” Mama Provia aliniambia dirishani. Mimi si askari, lakini cheo nilikipokea. “Miti yangu mia mbili ya kahawa iko ndani ya fensi yenu. Hiyo kahawa ndio inasomesha watoto yangu. Nipe faili yangu nionyeshe mpaka.”

“Jalada lako linafanyiwa uhakiki.”

“Uhakiki gani? Jana nilinunua samaki, ilikuwa imefungwa na hiyo faili. Peji moja ndio hii.”

Nikaipokea kwa vidole viwili. Kweli ulikuwa ukurasa wa pili, wenye jina la marehemu na magamba ya samaki. Nilimweleza kwa upole kwamba waraka unaonuka hauwezi kupokelewa mezani. Hakupiga kelele. Alileta kigoda, akakaa mlangoni petu siku tatu akichambua maharage, na kila mgeni aliyeuliza anangoja nini alimjibu kwa sauti.

Bwana Karuhanga aliamua kulimaliza jambo hilo kisheria. “Tafuteni Durham inasema nini,” alifoka. Durham inasema kwa Kilatini. Tulimpata Gracien, mkimbizi wa Beni aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja awe padri, ambaye sasa anawajazia watu fomu za forodha pale Mpondwe. Alikaa na nakala hizo asubuhi nzima, mara kwa mara akicheka peke yake, jambo ambalo halikuwa kwenye hadidu za rejea.

“Chef,” akasema, “hapa banaandika hivi. Mutu akikufa, bwana wa inchi anakamata nyama yake ya muzuri kupita zote. Ngombe, ao mbuzi.”

“Endelea,” alisema Bwana Karuhanga, akasogeza kiti.

Hivyo ndivyo mbuzi wa Mama Provia alivyoingizwa rasmi katika hifadhi. Kamati ilimhifadhi kwa saa tatu, pamoja na chumvi na pilipili.

“Na mipaka je?” Bwana Karuhanga aliuliza, akichokoa meno.

“Kama karatasi imepotea, banaita bajirani kumi na mbili. Banaapa mbele ya Mungu. Kile banasema, njo kweli. Hata bwana mwenyewe hawezi kukatala.”

Bwana Karuhanga alicheka hadi akakohoa. Majirani wetu ni wauza samaki, mafundi viatu na watu wa boda boda. Nani kati yao angethubutu kuitazama Idara usoni na kuikana? Papo hapo akatia saini Waraka Namba Moja: jalada likikosekana, kiapo cha majirani kumi na wawili kitakuwa cha mwisho, wala hakina rufaa. Baada ya neno “jalada” aliongeza kwa mkono wake mwenyewe “la mtu yeyote”, aonekane mtu wa haki. Akaamuru nakala ipelekwe Kampala, tupate sifa.

Sifa ilikuja kwa gari jeupe. Aliyeshuka ni Bi Hamidah, mkaguzi wa watumishi, na alishuka siku ileile ya kiapo cha mpaka wa Mama Provia. Alisema angependa kuuona huo utaratibu mpya, kisha ahakiki barua zetu za ajira.

Majirani waliapa mbele ya kontena. Wa kwanza kusema alikuwa Kezironi, fundi viatu, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema lolote zaidi ya saizi ya kiatu.

“Siku ile mpaka ilipandwa mimi nilikuwa,” alisema. “Nilikula bawa. Mpaka ilipita pale, nyuma ya choo yenu. Hata hiyo choo, nusu iko ya mama.”

Wenzake kumi na mmoja, Mama Martine akiwamo, wakasema vivyo hivyo, na wawili wakabishana tu kuhusu nani alikula paja. Mama Provia hakushangilia. Alikwenda kwenye mimea yetu, akaing'oa mmoja baada ya mwingine mbele ya Mkuu wa Idara, akairudisha ilikotoka. Nilitamani kucheka, nikashindwa, na sitaficha kwamba niliona aibu.

“Vizuri,” alisema Bi Hamidah. “Sasa naomba barua ya ajira ya Bwana Karuhanga.”

Nilimweleza kwamba barua hiyo ni ya mwaka 2004 na kwa hiyo haikuwa imefikisha karne.

“Iko wapi?”

Mama Martine alijibu kwa niaba ya Idara. “Ile ilienda na samaki ya Pasaka, mama. Batu balikwisha kula.”

Bi Hamidah alitoa Waraka Namba Moja mkobani. Maneno “la mtu yeyote” aliyasoma mara mbili, kisha akawageukia majirani waliokuwa wanaanza kutawanyika. “Rudini mketi. Bado mko chini ya kiapo. Huyu bwana mnamjua? Anafanya kazi hapa?”

“Ndugu zangu,” alianza Bwana Karuhanga. Kezironi aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeambiwa.

“Tunamujua sana,” alisema Mama Martine. “Anafikaka saa ine, anakunywa chai, anasoma gazeti, anarudia kwake. Miaka makumi mbili. Lakini kazi? Mama, mimi niliapa. Siwezi kudanganya Mungu sababu ya mutu.”

Wengine waliitikia kwa vichwa. Bi Hamidah akamuuliza na Mama Provia, kwa kuwa hakuna jirani wa karibu kumpita.

“Mimi nitasema kweli,” alijibu taratibu. “Siku moja alifanya kazi. Hiyo siku alihamisha mpaka yangu.”

Bi Hamidah akajaza fomu. Penye muda wa utumishi aliandika: siku moja.

Kiapo changu ni Ijumaa ijayo. Barua yangu nayo ilikwenda na samaki. Siku hizi nafika langoni kabla ya wauzaji, nimeyajua majina yote kumi na mawili, namsalimu Kezironi kwa mikono miwili, na ndoo ya Mama Martine naibeba mwenyewe kutoka barabarani. Jana nilimwomba Mama Provia aniruhusu nichume naye kahawa, majirani wanione nikifanya kazi. Alinitazama mikono kwa muda, akaingia ndani, akaniletea kikapu kidogo, kile cha watoto.