Saini Mbili za Riwaya ya Jane

Haya nimeyapata kwa Walburga mwenye kahawa, Jumapili iliyopita baada ya misa ya kwanza, tukipukuchua mahindi uani kwangu. Walburga akisimulia huwa hacheki; unacheka wewe.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri, na benchi lake la Ruhuwiko lilikuwa na wale wale. Mzee Chande, mtu wa Namasakata aliyehamia mjini na redio yake, wanamwita Hansadi kwa kuwa hapitwi na neno la bungeni. Mwenzake Muhsini wanamwita Lilongwe, maana aliwahi kukaa huko miezi minne, akarudi na kofia na "yes". Hansadi alikuwa amesikia redioni kwamba watoto wa sekondari wameanguka tena Kiingereza. Lilongwe akasema kosa ni la wazazi, majumbani hawakiongei. Hansadi akamuuliza yeye kwake anakiongea na nani. Akajibu anakiongea na mbuzi, na mbuzi hajawahi kumkosoa.

Hapo akatokea Jane, binti wa Walburga, kidato cha tatu, mkononi kitabu na karatasi. Mwalimu Amedeus ametangaza: kila anayesoma fasihi ya Kiingereza, zamu yake ya kitabu ikifika, akawasomee majirani riwaya ya darasani, na watu wazima wawili wasaini kwamba wamesikia na wameelewa. Mama mzazi hahesabiwi, maana mama husaini chochote. Asiyeleta saini mbili kesho yake asubuhi anatolewa fasihi, anahamishiwa biashara.

Walburga akaacha kumimina. Jane wake tangu mdogo husoma hata gazeti lililofungiwa dagaa. Ukimnyang'anya vitabu umemwachia nini?

Lilongwe alikuwa tayari ameshika kalamu. "Lete nisaini. Mimi nimeshaelewa."

"Sijasoma bado, babu."

"Kwani mpaka usome ndiyo nielewe?"

Hansadi akagoma. Yeye hasaini asichokijua. Zamani alisaini karatasi ya Kiingereza, akajikuta mjumbe wa kamati ya choo cha soko miaka sita. "Soma kwanza, mjukuu wangu."

Jane akasoma mwanzo wa riwaya, kwa Kiingereza. Lilongwe alitikisa kichwa kila penye nukta, yes, yes, na akatabasamu palepale mama wa riwayani anapozikwa. Hansadi akavua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyedondosha kitu humo.

"Mama Jane, nisamehe," akasema. "Sijaambulia neno. Siwezi kusaini uongo."

Walburga anasema alitamani kumwagia ile kahawa. Badala yake akamwambia binti awasimulie kwanza kwa Kiswahili, kama anavyomsimulia yeye jikoni. Jane akakaa kwenye ndoo, akaanza. Kaka mtu anauza shamba la mdogo wake aliyekwenda migodini. Mdogo anarudi baada ya miaka tisa, anakuta pamejengwa zahanati, na kitanda cha kwanza mlangoni amelazwa mwanawe mwenyewe.

Kahawa ikapoa vikombeni. Hansadi akasema haki ni haki, zahanati ivunjwe. Lilongwe akauliza mtoto akatibiwe wapi, redioni? Wakakabana kwa maneno mpaka mwenye mashine ya kusaga akazima injini, akaja kuuliza ni urithi wa nani unaogombewa.

Jane akafungua pale mdogo anaporudi, akasoma kwa Kiingereza. Safari hii Hansadi alimdaka kabla hajamaliza sentensi: hapo ndipo jamaa anafika getini. Kisha anakiona kitanda. Wakasaini wote wawili, Hansadi akaandika jina lake, la baba yake na la babu yake.

Wino haujakauka, Mwalimu Amedeus akapita akielekea kwake Matogoro. Akaichukua karatasi, akacheka puani. Wazee hawa waelewe riwaya ya Kiingereza? Akasema hizo ni saini za huruma na yeye hazipokei.

Hansadi akamsogezea kikombe. "Afadhali umekuja, mwalimu, utuamulie. Yule mke wa kaka mtu, alijua shamba linauzwa, au hakujua?"

Mwalimu akakohoa. "Dhamira za riwaya hii ni saba."

"Sikuuliza ngapi."

"Kwenye notisi zangu hilo halipo. Wala halijawahi kutoka kwenye mtihani."

"Na kitabu chenyewe," akauliza Lilongwe, "ulikisoma lini?"

Mwalimu akakitazama kikombe. Akasema nakala ni moja shule nzima, na tangu afike inazunguka kwa wanafunzi. Notisi alizirithi kwa aliyemtangulia, naye huyo alizirithi vilevile.

Hakuna aliyemcheka. Jane alimnyooshea kitabu kwa mikono miwili. "Ukurasa wa arobaini, mwalimu. Alijua."

Mwalimu akatoa kalamu, akasaini chini ya wazee: huyu abaki fasihi. Halafu akajisogeza mwisho wa benchi, akatangaza kwamba atakihakiki sasa hivi, na ataanzia ukurasa wa kwanza. Wazee wakaaga, wakaondoka wakiivunja na kuijenga ile zahanati njia nzima. Walburga akaosha vikombe, Jane akamwaga majivu ya jiko, akatangulia nyumbani na karatasi yake. Jua lilikuwa bado halijazama.

Walburga akageuka kumwambia mwalimu kwamba anafunga. Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, kitabu kifuani, kidole kwenye ukurasa wa pili, anakoroma.