Uso Wangu Ukutani

Jumatatu, 6 Oktoba
Ukuta ulio mbele ya mfereji wetu wa maji hapa mtaani Mbotela utachorwa picha. Mchoraji ni Kamene, msichana kutoka mtaa wa Tena, ameletwa na kikundi cha mazingira. Ametueleza kuwa tabianchi imebadilika, mvua haieleweki, tutunze maji. Maji yenyewe tunayapata Jumanne na Jumamosi tu. Akasema atachora watu halisi atakaowaona kwenye foleni ya mitungi. Hapo nikatega sikio. Jumapili tunachagua mwenyekiti wa mfereji, yule anayekaa na ufunguo. Nautaka ufunguo huo kuliko kitu chochote. Mpinzani wangu ni Muasya, mchonga vinyago. Nani atampigia Muasya kura uso wangu ukiwa ukutani?

Jumanne, 7 Oktoba
Nilivaa suti ya kanisani, nikabeba mtungi. Mke wangu Nakhumicha akauliza, Baba Ryan, kwani kuna matanga wapi. Nikashika njia ya mfereji. Nilisimama mbele ya Kamene mpaka akaniomba nisogee, nimemzibia. Akamchora Muasya akimwagilia sukuma wiki kwa maji aliyosuzia nguo. Miche mitatu, tena imeliwa na wadudu! Nilikosa hamu ya chai.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimegundua siri. Muasya alichorwa kwa sababu alikuwa akifanya kitu. Mimi nilisimama tu. Kesho nitateka maji huku nikitabasamu. Nimejaribu tabasamu mbele ya kioo. Nakhumicha ameshauri nifunge mdomo kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ushindi! Nilifungua mfereji hadi mwisho ili maji yang'ae, nikamgeukia Kamene, nikatulia. Robo saa nzima. Mtungi ukajaa, ukafurika, viatu vikalowa, sikutikisika. Benta, aliyekuwa nyuma yangu, alisema maneno ambayo mtu wa kwaya kama mimi hawezi kuyaandika. Kamene alichora mbio mbio, hata akacheka. Maji yalikatika kabla nusu ya foleni haijateka, lakini hayo ni mambo ya wakubwa.

Jumapili, 12 Oktoba
Picha imezinduliwa baada ya ibada. Nipo! Mkubwa kuliko mtu yeyote. Natabasamu, maji yanamwagika hadi barabarani, nyuma yangu watu wana mitungi mitupu. Juu ya kichwa changu, kwa rangi nyekundu: USIWE HUYU. Watu walicheka mpaka mchungaji akatafuta kiti. Muasya alipata kura arobaini na moja, mimi moja. Nakhumicha anasema kura ni siri. Imeniuma sana. Nilienda nyuma ya nyumba nikamenya viazi peke yangu.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimetafakari. Watu wanatoka hadi Shauri Moyo kuja kupigwa picha kando yangu. Muasya ana ufunguo, sawa, lakini yeye amechorwa pembeni, karibu na mtaro. Shida yangu ni vumbi tu, limenikaa puani. Leo Muasya alipofungua mfereji nilikuwa wa kwanza. Nikaosha uso wangu pale ukutani kwa mitungi miwili, ukatakata. Muasya akaniuliza kama najua kusoma. Wivu huo. Jumamosi nitarudi kuosha shingo, na foleni itabidi ingoje.