Rali ya Mzee Kailemia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Jana nilikuwa Mikinduri, kwao mpenzi wangu Kathambi. Nimerudi Embu na laptop ya baba yake na CD yake.

Baba huyo, Mzee Kailemia, ni karani mstaafu wa kiwanda cha chai. Ana ugonjwa mmoja tu: mchezo wa kompyuta wa zamani, wa magari ya rali. Aliucheza ofisini miaka yote wakulima wakisubiri kuhudumiwa. Kompyuta ya ofisi ilipokufa akabaki na CD. Sasa kijana wake amemnunulia laptop mpya. Wee! Haina hata tundu la kuingizia CD. Mzee alikuwa ameshajaribu kuipenyeza pembeni kwa kisu cha mkate.

Akaniuliza mimi hufanya kazi gani. Kathambi akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema mimi ni mtaalamu wa kompyuta. (Nauza kava za simu hapa mtaa wa Majimbo. Simu si ni kompyuta ndogo?) Mzee akasema vyema: tulete ncoolo Jumamosi, na rali yake iwe inakimbia. La sivyo, hataifungua.

Ncoolo si miraa ya kutafuna tu. Ni kifurushi cha heshima, kimefungwa kwa majani ya mgomba, na baba akikifungua amekubali mazungumzo ya ndoa. Asipokifungua, beba miraa yako uende. Nami nampenda Kathambi vibaya sana. Akicheka nasahau hata bei ya kava.

Jumanne, 4 Novemba

Kisomaji cha CD ni cha kutafutwa kwa tochi. Mwenda anacho. Mwenda ni jirani yangu, mwenye duka la kompyuta lenye kioo mbele na shati la mikono mirefu ndani. Heri nife kuliko kumwomba.

Nikaenda kwa Nelius wa kwaya. Nikamwambia natamani kusikiliza nyimbo zetu za zamani, zile za kwenye CD. Karibu alie. Akanipa mashine, na akaniandikisha sauti ya nne. Mazoezi ni Alhamisi. Ala!

Laptop ikasema mchezo huu haufai kwake. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaitukana kwa Kimeru. Nikaiomba kwa Kiingereza. Wapi! Mwishowe nikapata pahali pa kuiambia ijifanye kompyuta ya kale. Ikajifanya! Rali ikafunguka! Kumbe hata kompyuta hudanganya kidogo ndipo ikubaliwe. Nikajiona siko peke yangu.

Jumatano, 5 Novemba

Sherehe imeisha. Gari linakwenda kasi ya kichaa. Nikigusa kitufe liko bondeni. Yule msoma ramani wa ndani ya mchezo anapiga kelele za kona ambazo tulishaanguka zamani.

Mwenda alipita, akachungulia, akacheka. Akasema laptop mpya ina nguvu kupita mchezo, na dawa ni programu ndogo ya kupunguza kasi. Ataniwekea bure. Bure! Mwanaume wa Embu akupe kitu bure? Huyu anammezea mate Kathambi. Nikamwambia asante, najua ninachofanya.

Mchana Kathambi akapiga simu kutoka Siakago, anakofundisha. Naye ametafuta na amepata programu ndogo ya kupunguza kasi. Ileile! Nikamwambia nilishaijua. Akauliza kama nimeiweka. Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata mimi.

Mpango wangu ni bora. Laptop ina nguvu nyingi? Nitaichosha. Nimeifungulia sinema, mahubiri, mechi na bendi ya mazishi, zote pamoja. Gari sasa linakwenda mwendo wa heshima. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na hawakuwa na laptop.

Alhamisi, 6 Novemba

Laptop imechemka. Ingeweza kupika uji. Inakimbia kidogo, inazima.

Hapo damu ya Kimeru ikaniita. Sisi ni watu wa miraa. Tunalinda mali isichomwe na joto tangu enzi za babu. Tunafanyaje? Majani ya mgomba! Nikakata jani la Mama Kagure, mwenye nyumba. Akaniuliza kama nimeanza kula majani. Nikaifunga laptop vizuri, nikaacha tu uwazi wa skrini na vidole. Ikapoa! Nilizunguka kona zote mpaka mwisho. Nikapiga vigelegele peke yangu dukani. Mwenda alitoka kuangalia. Aangalie tu!

Mazoezi ya kwaya sikuenda.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeaibika. Niandike haraka kabla sijalia.

Niliifunga laptop mzimamzima kwa jani bichi ili ifike Mikinduri ikiwa baridi. Nikaiweka kwenye buti ya gari, kando ya ncoolo. Msemaji wangu alikuwa baba mdogo Kinoti, mzee wa mila asiye na mchezo. Jua lilikuwa kali. Tuliposimama njiani kununua soda, baba mdogo akafungua buti, akaona vifurushi viwili vya majani yanayoanza kunyauka. Akafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya. Akavinyunyizia maji. Mengi. Sikumwona. Alinisimulia baadaye, na bado anadai alifanya vizuri.

Tukafika. Wazee wamekaa. Baba mdogo akachukua kile kifurushi kizito, akasema kijana wetu si mkono birika, akakitoa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa bado nje nachomekea shati. Mzee Kailemia akapima uzito, akatabasamu, akafungua.

Maji yakamwagika mapajani mwake. Kisha ikatoka laptop yake.

Nilikuwa nimefika mlangoni. Ngai! Nikasema ni teknolojia mpya.

Baba mdogo akasimama, akatangaza kwamba mila ni mila: aliyefungua ncoolo amekubali. Mzee Kailemia akasema amefungua mali yake mwenyewe, na hakuna baba duniani aliyeposewa binti kwa laptop yake mwenyewe. Wazee wakagawanyika. Mmoja akauliza kama inatafunwa. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Laptop haikuwaka. Kathambi akaleta laptop yake, akachomeka kisomaji cha Nelius, akaweka CD na ile programu ndogo, na kabla sijamaliza kueleza chanzo cha tatizo, rali ilikuwa inakimbia. Mzee akashika vitufe. Uso ukawa wa kijana. Wazee wote wakaegemea kushoto kwa kona ya kushoto.

Bila kuondoa macho kwenye skrini, mzee akaniuliza kwa nini amtoe binti anayejua kuendesha rali, ampe mtu anayefunga kompyuta kama miraa. Ncoolo halisi imerudi nami kwenye buti, pamoja na laptop iliyolowa.

Jumapili, 9 Novemba

Kathambi amepiga simu. Lo, bado ananipenda! Amesema baba yake hana kinyongo. Anataka kitu kimoja tu: nirudi Mikinduri, nimtazame machoni, niseme sijui kompyuta, nauza kava. Nikisema hivyo, ataifungua ncoolo. Kathambi amerudia mara mbili, polepole, vile anavyowaambia wanafunzi wake.

Nimefikiri sana kanisani. Mwanaume hawezi kwenda ukweni mikono mitupu, akiwa na ukweli tu.

Basi nimempigia mzee mwenyewe. Nimemwambia asijali, mimi pia ni mtaalamu wa kukausha laptop. Kisha ameniuliza, kwa upole wa ajabu, kama najua na televisheni, kwa maana ya kwake inapata moto.

Nimemwambia hiyo ndiyo kazi yangu hasa.

Laptop iko juu ya paa la bati, kwenye jua, katikati ya mahindi aliyoanika Mama Kagure. Jani la televisheni nimeshalikata.