Albamu Iliyogoma Kutoka Dukani

Jumatatu, 3 Juni

Nimenunua! Kihalali! Albamu nzima ya ile bendi ambayo wakwe zangu walikuwa wakicheza nyimbo zake enzi za uchumba wao. Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka sitini, na baba mkwe atacheza naye kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe goti. Kazi ya muziki nimempokonya shemeji, kaka wa mke wangu, fundi redio mwenye majivuno. Nilimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba nyimbo zake ni za wizi, na mama mkwe hatacheza vya wizi. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nimenunulia kazini, kwa dobi, kwenye kompyuta ya kuandikia risiti za nguo. Ikaniuliza kama nataka kusajili kifaa hiki. Nikabonyeza ndiyo. Mimi huyo!

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Nyimbo nimezihamishia kwenye flashi, nimefika nyumbani, nimechomeka kwenye spika. Kimya. Kwenye kompyuta ya mke wangu, maandishi mekundu: kifaa hiki hakina kibali. Shemeji alikuwepo, bila shaka. Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Akasema nyimbo hizohizo anazo, atanipa bure. Nikamwambia akae nazo. Heri nife.

Jumatano, 5 Juni

Nimewapigia wauzaji. Dada mwenye sauti tamu akaniambia sikununua nyimbo, nilinunua ruhusa ya kuzisikiliza kwenye kifaa nilichosajili, na kubadilisha kifaa huchukua mwezi mzima. Nikamuuliza, kwa hiyo nikinunua suruali niivalie dukani tu? Akaniomba nisubiri kwenye laini. Wakaniwekea muziki. Huo ulipiga vizuri tu, bila kibali cha mtu!

Alhamisi, 6 Juni

Akili ni nywele, na mimi nina kichaka. Nimefungulia albamu pale dukani kwetu kwa dobi, nikaweka simu mbele ya spika, nikarekodi. Usiku nikamsikilizisha mke wangu kwa mbwembwe. Wimbo wa kwanza, pasi ya mvuke inakoroma tangu mwanzo. Wa pili, wakati mwimbaji anamlilia mpenzi wake arudi, Bosi anafoka kwamba kifungo cha koti hakukipoteza yeye. Mke wangu alicheka akakaa sakafuni. Akaniomba niurudie huo wa kifungo.

Ijumaa, 7 Juni

Basi, kompyuta yenyewe itakuja kwenye sherehe. Nimeifunga ndani ya gauni la harusi la mteja, nikaibeba begani taratibu, kwa heshima zote. Bosi mlangoni. Akauliza ni bibi harusi gani huyu mwenye waya. Akasema kompyuta haivuki kizingiti, na gauni nilipige pasi upya. Nimelipiga huku machozi yananilengalenga. Baba mkwe kanipigia simu jioni, ananong'ona mama asisikie: goti liko tayari, amekuwa akijizoeza jikoni. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Mwongo mkubwa mimi!

Jumamosi, 8 Juni

Keki imekatwa. Baba mkwe kasimama, kamnyooshea mkono mkewe. Watu wote wakanigeukia. Shemeji akatoa flashi yake mfukoni polepole, kwa makusudi. Nikaona bora niseme. Nikamwambia mama kila kitu, hadi gauni. Nilidhani atanifukuza. Akauliza tu dukani ni mbali? Nikasema mtaa wa pili. Akavaa viatu akasema haya, twendeni.

Ukoo mzima barabarani na keki yake! Bosi akaanza kubisha. Mama mkwe, mteja wake tangu sijaoa, akamuuliza kama angependa kuona anapeleka mashuka yake kwingine. Mlango ukafunguka. Wakacheza katikati ya suti zilizotundikwa, baba mkwe mkono mmoja kiunoni kwa mkewe, mwingine kwenye meza ya kupigia pasi. Goti halikumwangusha. Mama akanivuta sikio akasema, mwanangu, leo umenifurahisha. Nimelia nyuma ya makoti. Shemeji pia alilia, nimemwona, asinidanganye.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe anataka awe anazisikiliza nyumbani kwake. Hilo tu? Nimemnunulia nyingine papo hapo! Nimeshajua kosa langu: kompyuta ya dukani ni mali ya mtu baki. Mambo ya familia yafanywe kwa kifaa cha familia. Simu yangu ilikuwa imezima, nikaazima ya shemeji, nikasajili, nikabonyeza ndiyo kwa kidole cha mtu anayejua anachofanya. Nyimbo nimemwekea mama kwenye kompyuta yake, kisha nimemsindikiza shemeji stendi, maana anarudi kazini kwake, safari ya siku nzima. Tumepatana kabisa. Nimempungia mkono mpaka basi likapotea, yeye na simu yake.

Mama mkwe ananiita sebuleni. Anasema kuna maandishi mekundu.